Kaisari na Kisra: Ugomvi wa Miaka Mia Nne

Katika utenzi alioutunga Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, uitwao Utendi wa Tambuka au Chuo cha Herekali, mfalme wa Rumi ni adui mwenye majeshi yasiyokwisha na utajiri usio kifani. Ndivyo ilivyofaa, kwani utenzi wa vita hauna heshima kama adui mwenyewe ni mnyonge. Lakini Heraclius wa historia, ambaye jina lake ndilo hilo la Herekali, alikuwa mwaka 630 mtawala wa nchi iliyotoka katika vita vya miaka 25. Hazina yake ilikuwa tupu. Shamu na Misri ndiyo kwanza zilikuwa zimemrudia. Na mshindani wake, Khusrau wa Pili wa Uajemi, alikuwa amekwisha kuuawa miaka miwili nyuma kwa amri ya mwanawe mwenyewe. Kaisari alikuwa ameshinda. Ila ushindi huo haukudumu mikononi mwake hata miaka kumi.

Husemwa kwa kawaida kwamba Rumi na Uajemi zilichoshana kwa kupigana, kisha akaja mtu wa tatu akaokota kilichobaki. Methali ya vita vya panzi kuwa furaha ya kunguru yaonekana kana kwamba ilitungwa kwa ajili yao. Maelezo hayo si uongo, ila hayatoshi. Dola hizo mbili zilikuwa zimepigana tangu karne ya 3, tena kwa ukali, wala hazikufa. Ikiwa vita ndivyo vilivyoziua, yapasa kuuliza ni kitu gani kilichokuwamo katika vita vya zamani ambacho kilikosekana katika vile vya mwaka 603 mpaka 628.

Majina kwanza yaelezwe. Dola ambayo wanahistoria wa baadaye wameiita Bizanti haikujua kwamba inaitwa hivyo. Watu wake, ijapokuwa wengi wao walisema Kiyunani na mji wao mkuu ulikuwa Konstantinopoli, walijiita Warumi, na Waarabu wakawaita hivyo hivyo. Ndiyo maana Kiswahili nacho kina Rumi na Warumi. Mtawala wao aliitwa Kaisari. Mtawala wa Uajemi wa ukoo wa Sasani aliitwa na Waarabu Kisra, kutokana na jina la Khusrau, hata kama jina lake lilikuwa jingine. Mji wake mkuu ulikuwa Ctesiphon kando ya mto Tigris, karibu na mahali ilipojengwa Baghdad baadaye.

Ukoo wa Sasani ulishika ufalme mwaka 224, na ugomvi ukaanza karibu mara moja. Mwaka 260 mfalme Shapur wa Kwanza alimteka Kaisari Valerian akiwa hai, akaamuru habari hiyo ichongwe katika majabali ya Naqsh-e Rustam, nayo yaonekana huko hata leo. Karne moja baadaye, mwaka 363, Kaisari Julian aliongoza jeshi mpaka karibu na kuta za Ctesiphon, akauawa njiani akirudi, na mrithi wake akalazimika kuutoa mji wa Nisibis ili jeshi lipate kurudi kwao salama. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo Armenia nayo iligawanywa baina ya wawili hao. Basi mpaka ukasimama pale ulipokuwa, na kwa karibu miaka mia moja kulikuwa na amani ndefu kuliko vita. Procopius, mwandishi wa karne ya 6, asimulia kwamba Kaisari Arcadius alipokuwa akifa alimwusia Kisra Yazdegerd amlelee mwanawe mdogo na kumlindia kiti chake, na Kisra akautimiza wasia huo. Wako wanaokishuku kisa hiki. Lakini hata kama ni kisa tu, kilikuwa kisa ambacho Warumi wenyewe walikisimulia na kukisadiki, na hilo latosha kuonyesha jinsi walivyomwona jirani yao: adui, naam, lakini adui mwenye dini ya ahadi.

Vita viliporudi katika karne ya 6, vilirudi kwa sababu ya fedha. Waajemi walikuwa wameshindwa vibaya na Wahephthali, watu wa upande wao wa mashariki, ambao mwaka 484 walimuua mfalme Peroz pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Mwanawe Kavad alirudishwa katika kiti kwa msaada wa hao hao Wahephthali, naye akawa na deni lao. Akamwomba Kaisari Anastasius ampe fedha, Kaisari akakataa. Mwaka 502 Kavad akavuka mpaka, na Januari 503 akautwaa mji wa Amida. Warumi walipopata nafasi ya kupumua walijenga ngome mpya kabisa mahali paitwapo Dara, mwendo mfupi tu kutoka Nisibis, ingawa mkataba wa zamani uliwakataza wote wawili wasijenge ngome mpya mpakani. Tangu hapo Dara ikawa mwiba wa Uajemi. Kila mazungumzo ya amani katika karne hiyo yalifika mahali fulani yakakwama Dara.

Vita hivyo vilikuwa na sura yake. Jeshi lilivuka mpaka wakati wa kiangazi, likauzingira mji, likaupora au likapewa fedha liondoke, kisha likarudi kwao. Mwaka 530 Belisarius aliwashinda Waajemi mbele ya Dara. Mwaka 531 alishindwa nao penye Callinicum. Mwaka 532 ikafanywa suluhu iliyoitwa ya milele, na Kaisari Justinian akalipa ratili 11,000 za dhahabu. Milele hiyo ilidumu miaka 8. Hata hivyo ilikuwa na kifungu kimoja ambacho watu wa vyuo wana sababu ya kukikumbuka. Baada ya Justinian kuifunga mihadhara ya falsafa huko Athens mwaka 529, wanafalsafa saba, Damascius na Simplicius miongoni mwao, walihamia kwa Khusrau wa Kwanza, waliyemsikia kuwa mpenda hekima. Hawakukaa sana, kwani mambo ya huko hayakuwa kama walivyoyawaza. Lakini Khusrau, kama asimuliavyo Agathias, alitaka katika mkataba wake na Rumi kwamba watu hao wapewe ruhusa ya kurudi makwao na kuishi bila kulazimishwa kuacha imani yao. Si mara nyingi mfalme mgeni amekuwa wakili wa walimu kwa mfalme wao wenyewe.

Khusrau huyo huyo ndiye aliyeivunja suluhu mwaka 540. Alipita katika Shamu akitoza mji baada ya mji. Mji uliolipa ulisalimika, na Antiokia, ambao haukukubali kulipa, ukachomwa moto. Watu wake walichukuliwa mateka, naye akawajengea mji mpya karibu na Ctesiphon, wenye mahamamu na uwanja wa mbio za magari ya farasi kama walivyozoea kwao. Katika mji wa Apamea aliagiza mbio zifanywe mbele yake, naye akawashangilia watu wa rangi ya kijani, kwa kuwa alisikia kwamba Justinian huwapenda wale wa buluu. Habari hii ndogo yaeleza mengi. Kisra alikuwa amekuja kumwudhi Kaisari na kujaza hazina. Hakukuwa na dalili kwamba alikusudia kukaa Shamu, sembuse kuifuta Rumi duniani.

Miaka miwili baadaye tauni kubwa ilienea kutoka Misri hadi Konstantinopoli, ikavuka na kuingia Uajemi, na vita vikaendelea kwa kusuasua. Hatimaye katika majira ya baridi ya mwaka 561 kuingia 562 wajumbe walikutana karibu na Dara: Petro kwa upande wa Kaisari, na Yazdgushnasp kwa upande wa Kisra. Menander, mwandishi wa Kiyunani, ameuhifadhi mkataba wao kifungu kwa kifungu, na hakuna maandishi mengine yaonyeshayo wazi zaidi jinsi maadui hawa walivyojuana. Uliandikwa kwa Kiajemi na kwa Kiyunani, kisha kila nakala ikafasiriwa katika lugha ya pili, na wakalimani 12, sita wa huku na sita wa huko, wakalinganisha neno kwa neno.

Kifungu cha kwanza kilihusu watu wasiokuwapo kabisa katika mazungumzo. Waajemi waliahidi kuwazuia Wahun na Waalani wasipite katika milango ya milima ya Kaukasia kuja kuishambulia Rumi, na Warumi nao wakaahidi kutopeleka jeshi huko dhidi ya Uajemi. Kifungu cha pili kiliwafunga Waarabu wa pande zote mbili, Banu Ghassan waliokuwa chini ya Kaisari na Banu Lakhm wa Hira waliokuwa chini ya Kisra, wasishambuliane wala wasiushambulie upande wa pili. Biashara ilitakiwa ipite katika forodha zilizojulikana, na wafanyabiashara wa Kiarabu wapite Nisibis na Dara, si kwa njia za kificho. Anayekamatwa akikwepa ushuru aadhibiwe. Wajumbe wasicheleweshwe. Aliyekimbia wakati wa vita aweza kurudi kwao, lakini anayekimbia wakati wa amani asipokelewe. Madai ya mali iliyoharibiwa yakatwe na waamuzi wakutanao mpakani. Dara isalie, ila isiwekwe jeshi kubwa. Katika mapatano ya pembeni Wakristo wa Uajemi waliruhusiwa kuabudu na kuzika wafu wao. Na Rumi ilipe kila mwaka sarafu za dhahabu 30,000, fedha ya miaka 7 ikitangulizwa, kwa muda wa miaka 50.

Wako Warumi walioona aibu kulipa, na wanahistoria wengine wameirithi aibu hiyo. Si haki. Fedha hiyo ilikuwa ndogo ukiilinganisha na gharama ya jeshi moja la kiangazi kimoja, na kwa kiasi fulani ilinunua kitu halisi: ulinzi wa milango ya kaskazini, ambako ukoo wa Sasani ulijenga huko Derbent kuta za mawe toka mlimani hadi baharini. Mkataba wa 562 haukuwa wa marafiki. Ulikuwa wa watu wawili waliokuwa na hakika kwamba mwenziwe atakuwapo kesho, na kwamba nje ya nyumba zao mbili kuna watu wengi ambao ni heri wabaki nje.

Ushindani wenyewe haukuachwa, ulihamia baharini. Hariri ilitoka mashariki, na wafanyabiashara wa Kiajemi waliinunua yote katika bandari za Bahari ya Hindi kabla haijawafikia wengine. Yapata mwaka 531 Justinian aliwatuma wajumbe kwa Kaleb, mfalme wa Aksum katika Uhabeshi, aliyekuwa ameivuka Bahari ya Shamu na kuishinda Himyar ya Yemeni, wakamwomba Wahabeshi wanunue hariri kwa Wahindi na kuwauzia Warumi. Haikuwezekana; Waajemi walikuwa wametangulia kila bandarini. Shida ya hariri ilipungua tu pale watawa walipoleta mayai ya nondo wa hariri Konstantinopoli, mnamo mwaka 552. Nayo Yemeni, yapata mwaka 570, iliangukia mikononi mwa Waajemi, Wahabeshi wakatolewa.

Miaka 50 iliyoandikwa haikufika. Mwaka 572 Kaisari Justin wa Pili, mtu wa maneno makubwa, alikataa kulipa. Mwaka uliofuata Dara ikatekwa, na Justin akapotewa na akili kwa habari hiyo. Vita vikaendelea miaka 19, navyo vikaisha kwa namna isiyotazamiwa na mtu. Mwaka 590 mfalme wa Uajemi, Hormizd, alipinduliwa, na jemadari Bahram Chobin akataka kiti. Mwana wa Hormizd, kijana Khusrau wa Pili, alikimbia. Akakimbilia wapi? Kwa Kaisari. Mwandishi Theophylact amempa barua kwa Kaisari Maurice isemayo kwamba Mungu ameipa dunia macho mawili ya kuiangazia, yaani dola ya Rumi na dola ya Uajemi, na kwamba ni hizo zinazoyadhibiti makabila ya vita. Wakuu wengi wa Konstantinopoli walitaka jicho moja liachwe lipofuke. Maurice alikataa ushauri huo. Alimpa kijana jeshi na fedha, na mwaka 591 Khusrau akarudi katika kiti cha baba zake, akamlipa mfadhili wake kwa kumrudishia Dara na kumpa sehemu kubwa ya Armenia. Desturi iliyokuwa imeishi katika vifungu vya mkataba sasa iliishi katika watu wawili. Na humo ndimo ilimokuwa hatari yake, kwa kuwa watu hufa.

Novemba 602 askari wa Kirumi waliokuwa ng'ambo ya Danube waliasi, wakamweka Phocas, ofisa wa cheo cha chini, awe Kaisari. Maurice alilazimishwa kuwatazama wanawe wakichinjwa mmoja mmoja, kisha yeye mwenyewe akauawa. Khusrau alitangaza vita vya kisasi, akamtoa mtu aliyesema kuwa ndiye Theodosius, mwana wa Maurice aliyeokoka. Hapo mwanzo, basi, vita vipya vilivaa nguo za zamani: mfalme mmoja akimrudishia mwenziwe kiti kilichonyang'anywa. Dara ilianguka mwaka 604. Warumi wakapigana wenyewe kwa wenyewe, Waajemi wakasonga mbele, na mwaka 610 Heraclius akaja kwa merikebu kutoka Afrika ya Kaskazini, akamwua Phocas. Kisasi kilikuwa kimekwisha kulipwa. Kama desturi ingalikuwa hai, hapa ndipo wajumbe wangalikutana.

Khusrau hakusimama. Dameski ilianguka mwaka 613. Mei 614 Yerusalemu ulitekwa, wengi wakauawa, na mti wa msalaba ulioheshimiwa na Wakristo kuliko mali zao zote ukachukuliwa Uajemi. Mwaka 615 jemadari Shahin alifika Chalcedon, ng'ambo tu ya mlangobahari wa Konstantinopoli. Hapo likafanyika jambo ambalo halikupata kufanyika kabla yake. Baraza la wakuu wa Konstantinopoli lilimwandikia Kisra barua ya unyenyekevu, likimsihi amkubali Heraclius kama mwana wake aliye tayari kumtumikia. Rumi ilikuwa ikijitoa kuwa chini ya Uajemi kwa hiari yake, sharti tu iachwe iwepo. Hakuna mfalme yeyote wa ukoo wa Sasani, tangu Ardashir, aliyepata kupewa mengi kiasi hicho bila kuvuta upanga. Wajumbe waliopeleka barua hiyo hawakurudi.

Kukataa huko ndiko kiini cha habari yote. Si kwamba Khusrau alikuwa mkali kuliko babu yake aliyeichoma Antiokia. Ila babu yake alijua anachokitaka na kikomo chake. Mjukuu aliiona nchi iliyo tupu mbele yake, akaamua kwamba dunia yaweza kuona kwa jicho moja. Kuanzia mwaka 619 Aleksandria na Misri yote zikawa zake, na hati za mafunjo zilizosalia, zilizoandikwa kwa Kiajemi cha wakati huo, zaonyesha maofisa wake wakikusanya na kugawa vyakula kama watu waliokuja kukaa. Konstantinopoli, ulioishi kwa ngano ya Misri, uliacha kuwagawia watu wake mkate wa bure. Mishahara ya serikali ilikatwa nusu. Habari za kushindwa kwa Warumi zilifika mpaka Makka, na Sura ya 30 ya Kurani, inayozitaja, yaitwa kwa jina lao.

Heraclius, akiwa hana cha kupoteza, aliyeyusha fedha na dhahabu ya makanisa ili awalipe askari, na mwaka 622, mwaka ule ule wa Hijra, akaingia vitani yeye mwenyewe. Wengi wamemsifu kwa ushujaa, na sifa hiyo ni yake. Lakini yafaa itazamwe pia jinsi alivyopigana. Mwaka 624 aliliharibu hekalu la moto la Adur Gushnasp, mojawapo ya mahekalu matukufu kabisa ya Waajemi, kuwa malipo ya Yerusalemu. Mwaka 626 Khusrau alishirikiana na Waavari, watu wa kaskazini, kuuzingira Konstantinopoli kutoka pande mbili. Mji ukaokoka kwa kuta zake na merikebu zake, kwani Waajemi hawakuweza kuvuka maji. Mwaka 627 Heraclius naye aliwaita Waturuki, nao wakaja kwa kuuvunja Derbent. Mlango ambao mkataba wa 562 uliutaja kwanza kabisa, ambao Warumi walikuwa wakililia ufungwe na Waajemi wakidai fedha kwa kuufunga, sasa Kaisari mwenyewe alikuwa akishangilia kufunguliwa kwake.

Kusini mlango ulikuwa umekwisha kung'olewa zamani, tena na wenye nyumba. Warumi walimkamata mkuu wa Banu Ghassan, al-Mundhir, yapata mwaka 582, kwa kumshuku uhaini, na nguvu ya watu wake ikatawanyika. Yapata mwaka 602 Khusrau alimwua al-Nu'man, mfalme wa mwisho wa Banu Lakhm wa Hira, na muda si mrefu kikosi cha Waajemi kikashindwa na makabila ya Kiarabu penye Dhu Qar. Hakuna katika wawili hao aliyeuweka mtu mwingine wa kutosha mahali pa ngao aliyoivunja. Watu walioujua mpaka wa jangwa kwa vizazi vingi, na kuulinda kwa mshahara, hawakuwapo tena.

Desemba 12, 627 Heraclius aliwashinda Waajemi karibu na magofu ya Ninawi, akaipora kasri ya Khusrau huko Dastagird. Wakuu wa Uajemi hawakungoja zaidi. Februari 628 walimwondoa Khusrau na kumtawaza mwanawe Kavad, aliyemwua baba yake na ndugu zake, akaomba amani, naye akafa kwa tauni mwaka huo huo. Akafuata mtoto mdogo, kisha jemadari Shahrbaraz, kisha malkia wawili, Boran na Azarmidokht. Hata mwaka 632 alipotawazwa kijana Yazdegerd wa Tatu, kiti kilikuwa kimeshikwa na watu wengi mno katika miaka minne. Mpaka ulirudishwa ulipokuwa katika siku za Maurice. Msalaba ulirudi Yerusalemu. Kwenye karatasi ilikuwa kana kwamba hapakupita kitu.

Lakini hapakuwa tena na Kisra wa kufanya naye mkataba, wala ngao za kusini, wala fedha. Majeshi ya Waislamu yaliwashinda Warumi penye Yarmuk mwaka 636. Ctesiphon ulianguka mwaka 637, na Nihavand mwaka 642. Heraclius alikufa mwaka 641, Misri ikiwa karibu kumtoka kwa mara ya pili. Yazdegerd aliuawa karibu na Merv mwaka 651, na ukoo wa Sasani ukakoma. Rumi iliishi miaka 800 zaidi, iliyopunguka sana, kwa kuwa mji wake mkuu ulikuwa na bahari ya kuulinda na Ctesiphon haukuwa nayo.

Dara na Nisibis ziliingia chini ya utawala mmoja wa Waarabu yapata mwaka 639. Msafara uliotoka mji mmoja kwenda wa pili haukuvuka tena mpaka wowote, na ngome iliyogombewa kwa zaidi ya karne moja ikawa haina wa kumkabili. Dara leo ni kijiji katika nchi ya Uturuki. Mabirika yake ya maji, yaliyochimbwa kwa ajili ya watu waliotazamia kuzingirwa, yangaliko.